Pembe ya Kaka

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Kulikucha na manyunyu, lakini kabla ya adhuhuri mawingu yalikuwa yamepasuka na upepo umetulia. Kwa mwenye gobori la tundu dogo, hiyo ni hali njema, maana risasi yake, ndogo kama punje ya mbaazi, husukumwa na upepo kidogo tu.

Fundi wa magobori ya aina hiyo walimwita Sindano. Jina alipewa na kaka yake, na hakulitoa kwa mapenzi. Baba yao aliwaachia karakana moja, wote wawili na dada yao mkubwa, mshonaji. Kaka alitengeneza magobori mapana ya kuulia nguruwe pori. Sindano alitengeneza membamba, ya sungura na kanga, akichonga ndani ya mtutu mifuo inayozungusha risasi ili iende nyoofu. Kazi hiyo ilihitaji meza ndefu ya kuchongea, nayo meza ilikula nusu ya chumba. Kaka aliitaka nusu hiyo. Kwa mwaka mzima walipitana mlangoni bila salamu, kila mmoja akisukuma vyuma vya mwenzake kwa mguu.

Hatimaye dada alichoka nao. Akaamua kwamba Sindano apige vifuniko vitatu vya mikebe ya dawa ya viatu, kimoja kimoja, kutoka umbali ambao mwindaji humpigia sungura. Akivipiga vyote vitatu, meza inabaki. Akikosa hata kimoja, inatoka.

Walikwenda machimboni nyuma ya karakana, na majirani wakafuata, wengi wao wakitarajia ugomvi zaidi ya shabaha. Sindano alipima baruti kwa kipimo chake kidogo cha shaba, akaifunga risasi kwa kitambaa cha shuka kuukuu alichokilowesha mate, akaishindilia taratibu kwa mdeki, ule ufito wa chuma. Kifuniko cha kwanza, kilichotundikwa kwa uzi, kilitoboka. Akaufuta mtutu masizi, kama afanyavyo kila mara, kwa sababu tundu dogo huziba upesi. Cha pili kikatoboka karibu na katikati.

Kaka alikuwa amekaa juu ya jiwe.

"Mdogo wangu," alisema, "hiyo bunduki ina mafua? Maana inapiga chafya tu."

Watu wakacheka. Sindano akamjibu kwamba sungura hafi kwa kelele.

"Hafi kweli. Ataamka tu akuambie afya."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa, na hata mke wa Sindano alionekana akiziba mdomo kwa kanga. Hapo ndipo uso wa fundi ulipobadilika. Pembe ya baruti ya kaka, ile ya magobori ya nguruwe, ilikuwa juu ya gogo karibu naye. Aliichukua, akamimina baruti moja kwa moja mtutuni bila kupima, akashindilia kwa hasira mpaka mdeki ukapinda kidogo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wateja kwamba baruti ikizidi, kitambaa huungua na risasi huiruka mifuo badala ya kuishika. Siku hiyo alitaka isikike.

Ikasikika. Moshi ulipoondoka, kifuniko cha tatu kilikuwa kikining'inia kwenye uzi wake, kizima, na jiwe lililokuwa pembeni limebanduka kipande. Hakuna aliyecheka.

Dada alikwenda kukitazama, akarudi nacho mkononi.

"Umekosa," alisema.

"Umeona nimetumia baruti ya nani?"

"Nimeona. Alikumiminia yeye?"

Kaka aliinuka, akaikung'uta suruali, akachukua pembe yake. Akasema meza iondoke kabla ya Jumatatu, na kwamba yeye hana mgongo wa kubebea takataka za watu. Dada alimwambia Sindano aihamishie kwenye kibanda chake cha cherehani, akatupa kifuniko chini, akaenda zake.

Kesho yake alfajiri Sindano aliifungua meza kutoka sakafuni, nati moja moja. Hakumwomba mtu msaada. Aliisogeza juu ya vipande vya bomba hadi kibandani kwa dada, akisukuma, akipumzika, akirudi kuokota mabomba ya nyuma na kuyapanga mbele. Kisha alichukua gobori, akaenda machimboni peke yake, akakitafuta kile kifuniko kwenye vumbi na kukitundika palepale. Alipima kwa kipimo cha shaba. Mlio ulikuwa wa chafya tu.

Alikitungua kikiwa na tundu katikati, akarudi karakanani, akachukua nyundo ya kaka yake bila kuomba, akakigongomelea mlangoni, usawa wa macho ya kaka. Nyundo aliiacha chini, palepale mtu anapokanyaga.