Moja Sawa na Mbili

Kaka yangu Mmanga alisomesha hesabu katika skuli moja ya Mji Mkongwe, na kila Alkhamisi aliwadanganya wanafunzi wake kwa makusudi. Aliandika ubaoni hesabu ndefu, kila mstari ukionekana safi, mpaka chini kabisa moja ikawa sawa na mbili. Katikati, nyuma ya herufi, alikuwa amegawa kwa sifuri, jambo ambalo hesabu hairuhusu. Kisha alingoja mwanafunzi asimame amwambie amekosea wapi. Mimi nilimgombeza. Nani Unguja nzima aliyekuwa akiwafundisha watoto kumkosoa mkubwa, tena miaka ile? Akanijibu kwamba asiyeliona kosa kwa macho yake hajajifunza hesabu, kajifunza kuitikia tu.

Mwaka wa sabini na moja mchele ulikuwa haba, foleni zilianza alfajiri. Alkhamisi moja akaingia darasani mkubwa mmoja wa serikali aliyekuja kukagua skuli. Jina lake silitaji, halistahiki. Aliyenihadithia ni Mwatima, binti wa jirani yetu, aliyekaa dawati la mbele. Yule bwana aliusoma ubao kuanzia chini.

"Kwa hivyo kibaba kimoja cha mchele tunachowapa watu ni sawa na viwili?" aliuliza. "Unatukejeli?"

Mmanga alieleza kwa adabu kwamba hilo ni somo, na kosa limewekwa humo ili litafutwe. Bwana hakuamini. Kaka yangu angeweza kulionyesha mwenyewe kwa kidole, lakini alikuwa mkaidi, na aliwaamini watoto wake kupita kiasi.

"Waulize wao," alisema. "Washaliona."

Bwana akawageukia wanafunzi, akauliza nani anaona mwalimu amekosea.

Walikuwa wamekwisha kuliona, Mwatima wa mwanzo. Hakusimama hata mmoja. Walidhani kusema mwalimu amekosea mbele ya mtu yule ni kumtia hatiani kwa vinywa vyao, na kwamba wakinyamaza watamhifadhi. Walimpenda, ndiyo maana wakanyamaza. Na kwa kuwa hapakuwa na mtoto aliyesema ameliona kosa, bwana aliandika kwamba mwalimu anawafundisha watoto kejeli, nao wameiamini. Adhuhuri haijaadhiniwa, askari wakamchukua.

Nilipeleka chakula getini mwa jela mpaka nikaambiwa nisirudi tena. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na hasira hiyo ninayo bado.

Walimwachia mwaka uliofuata, amekonda, sikio moja halisikii. Kwa kuwa walimu walikuwa wachache, wakamrudisha darasani. Sasa alinakili kutoka kitabuni, neno kwa neno, mgongo ukiwaelekea wanafunzi. Siku moja kitabu chenyewe kilikuwa na jawabu lisilo sahihi, naye akaliandika ubaoni vilevile. Mwatima alitazama mlangoni, kisha akanyoosha mkono.

"Teremsha mkono, mwanangu," Mmanga alimwambia. "Andikeni kama ilivyo."

Wakaandika.