Masikio ya Ukoo Wetu Yaenda Kuposa Kishapu

Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuwa kiziwi. Kulikuwa tu na watu waliochoshwa na maneno ya wenzao, na uchovu huo uliwapata wote walipokaribia miaka hamsini. Baba alikuwa na sababu rasmi: ujanani alichimba dhahabu Geita, baruti zikamharibu. Baba mdogo alisingizia mashine za kuchambua pamba. Shangazi wa Ushirombo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi yenye kelele kuliko kubangua karanga, alisema ni mafua.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilirudi kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada ya biolojia, suruali pana chini, na mchumba Kishapu. Tukaenda kuposa, mimi nikiwa nimeletwa nionekane, si niseme. Kwao, kama kwetu, huulizwa kwanza magonjwa ya ukoo, ndipo wazungumzie ng'ombe. Uziwi wa kurithi ungetosha kuturudisha nyumbani bila mke.

"Mzee, wewe tikisa kichwa tu," mshenga alimwagiza baba. "Wataona hekima."

Wakaiona. Baba alikubali kila neno, mpaka bibi wa binti alipouliza, "Huko kwenu kuna ugonjwa wa ukoo?" Akakubali hilo pia, kwa heshima kubwa.

"Ni baruti za Geita hizo, mayu, mama yetu," mshenga akawahi.

Bibi akamgeukia shangazi yangu, ambaye alikuwa ameamkiwa mara tatu bila kuitikia. "Na huyu mama naye alikuwa mchimbaji?"

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikuwa na shahada. Nikaeleza kwamba masikio hurithiwa kama pua, na kelele huongezea tu. Baadaye nimesoma kuwa hata askari wa mwili, wale wanaotufukuzia magonjwa, mtu akizeeka huweza kupiga kambi sikioni kama mgambo waliosahau kurudi makwao, wakaanza kuwapiga raia. Afadhali sikulijua siku ile, ningelieleza pia.

Mshenga akafunika uso.

"Kwa hiyo na wewe utaziba masikio, baba?" bibi akauliza.

"Huenda, bibi. Nikifika hamsini hivi."

"Na vitukuu vyangu?"

"Huenda baadhi."

"Jamani msomi!" shangazi wa binti akaangua kicheko. "Kaja kuposa, anajichongea mwenyewe!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Wazee wao walinong'onezana, kisha wakamwita binti, aliyekuwa nyuma ya pazia muda wote.

"Umesikia mwenyewe," bibi akamwambia. "Bado unamtaka?"

Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye ile suruali.

"Namtaka. Ila ya kwangu yote nitamwambia mapema."

Ametimiza. Sasa naikaribia hamsini, na sidhani kuna lililobaki. Huyarudia yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi.