Kopo la Mlonge Nililolinyamazia

Unga wa mlonge niliununua mwenyewe, siku ya soko Ngaramtoni, na hilo sitamsingizia mtu. Muuzaji alinifungulia kopo, akaninusisha. "Dada, haya ni majani matupu, hayana madhara. Yanashusha sukari." Nilimwamini upesi kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwona mama akimeza vidonge. Nikampelekea kopo hilo nyumbani kwake Olmotonyi, akawa anachanganya kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi, baada ya dawa zake za kisukari.

Mwezi uliofuata nilitoka kwangu Themi kumsindikiza kliniki. Daktari alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kugusa faili, na kwa mama hapo alikuwa ameshafaulu. Sukari ilikuwa imeshuka.

"Mama, zaidi ya dawa zetu kuna kitu kingine unatumia? Dawa za kienyeji, majani, unga wa asili?"

"Mimi?" Mama alijiweka sawa kitini. "Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa."

Nilijua anachokiogopa. Kwake swali lile lilinuka mganga na hirizi, na mzee wa kanisa la Kilutheri hataki kunuka hivyo. Mimi nilikaa kando yake, kimya. Kwetu mtoto hamsahihishi mama yake mbele ya mgeni, hata mtoto huyo akiwa na mvi. Isitoshe, nilikuwa naona fahari: mlonge wangu umefanya kazi! Daktari akasema aendelee hivyo hivyo. Mama akaendelea, tena kwa vijiko viwili.

Wiki haikuisha, jirani akanipigia simu. Alimkuta mama ameketi zizini, jasho linamtoka, anatetemeka, anamwita jirani kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Bahati nzuri mume wa jirani naye ana kisukari, kwa hiyo jirani alijua la kufanya. Alimnywesha chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, mpaka akili ikamrudia. Njia nzima kwenda Olmotonyi nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote juu ya binti anayemsaidia kuficha.

Kesho yake nililiweka kopo juu ya meza ya daktari. Aliligeuza huku na huku. Halikuwa na kipimo wala jina la aliyelitengeneza. Alisema hawezi kuapa kwamba ni mlonge, lakini vidonge vinashusha sukari, na majani haya nayo huenda yanashusha. Vikikutana, sukari inaweza kuporomoka. Kisha akanigeukia.

"Dada, siku ile ulikuwepo. Mbona hukusema?"

Mama ndiye aliyejibu, macho yake yakiwa kwenye kopo.

"Usimlaumu. Nilimlea hivyo."

Siku hizi daktari akiuliza swali lile, mama hunigusa goti, nami nataja vyote, hata tangawizi. Bado hunikata jicho nikisema, lakini mkono wake hauondoi.