Kipira Kilichovimba

Mjomba wangu hana mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti. Sukari iliuchukua mwaka uleule alioifunga gereji yake nyuma ya kiwanda cha uchapaji, ambako alitengeneza breki kwa miaka thelathini na minane. Breki tu, hakugusa kingine. Wateja walimwita Breki, na mpaka leo binti yake akikasirika humwita hivyohivyo. Wanaishi wawili katika vyumba vya ghorofa ya chini. Chini ya kitanda cha mjomba hamna viatu. Mna makopo ya vipuri, kila kopo na karatasi yake iliyoandikwa kwa penseli.

Gereji ilipofungwa nilidhani atakufa kwa uchungu. Alishinda dirishani akisikiliza magari yanayofunga breki konani na kuyatukana. "Huyo pedi zimekwisha. Huyo naye anaendesha kwa dua." Binti yake, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyechoka kumsikia akamwingiza kwenye kundi la mtandaoni la wapenda magari ya zamani. Lilikuwa na watu mia nne na ushei, na wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana.

Kundi lile lilimfaa, na nitakuwa mwongo nikikana. Ana gari lake dogo la kijivu, limesimama uani juu ya matofali. Lilikosa vipira vitatu vya ndani ya masta ya breki, ile silinda inayosukuma mafuta mtu akikanyaga pedali. Alivitafuta miaka tisa. Akauliza kundini siku ya Jumatatu, wiki haijaisha, mtu wa mji mwingine, asiyemjua wala kumdai shukrani, akamtumia vyote vitatu ndani ya bahasha na kijikaratasi: "Vilikuwa vimelala tu kabatini." Mjomba alivinusa kimoja kimoja, kisha akaniomba nitoke chumbani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mzee huyu alikuwa amebaki kidole kimoja kwa muda mrefu.

Tangu hapo akawa wa kwanza kujibu maswali. Macho yamefifia, kwa hiyo hujibu kwa sauti: asubuhi, baada ya sindano yake, huiweka simu karibu na mdomo kama mtu anayetaka kuing'ata. Mtu ambaye mjomba alipenda kumjibu zaidi ni mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke anayelitunza gari la marehemu mumewe. "Huyu anauliza kama fundi," alisema. Kwa mjomba hakuna sifa iliyo juu ya hiyo.

Sasa nimfikie mwenyekiti, ingawa kumwandika tu kunanitia kinyaa. Kundi alilianzisha yeye. Nampa haki yake hiyo, na haki yake inaishia hapo. Ana magari matatu ya zamani na kucha safi kuliko za daktari wa meno. Alikuwa akisikiliza majibu ya mjomba, kisha anavaa glavu za ngozi, anasimama mbele ya kamera na kuyarudia neno kwa neno, akianza na "Katika uzoefu wangu." Mwizi wa kuku wa kawaida humficha kuku chini ya koti. Huyu alimfunga kuku utepe shingoni na kutembea naye barabara kuu.

Mjomba alicheka tu. "Mwache. Mradi watu wanafunga breki."

Kundi likapanga msafara wa Jumapili: magari yote yakusanyike kwenye uwanja wa shule ulio juu ya kilima, kisha yashuke pamoja hadi mjini. Siku sita kabla, mjomba akatuma maelezo ya kusafisha breki zilizokaa muda mrefu. Oshea spiriti, alisema, au mafuta ya breki yenyewe. Petroli isikaribie kabisa, maana kipira cha breki kikionja petroli kinavimba. Mwenyekiti, kwa haraka yake ya kupendwa, hakusikiliza mpaka mwisho. Jioni video yake ikatoka. "Mimina petroli," alisema huku akiimimina, "inang'arisha kila kitu." Watu sabini wakamwekea alama ya moyo.

Mjomba akaandika kundini kwamba ni kosa. Ujumbe ukafutwa. Akatuma kwa sauti. Nao ukafutwa. Akampigia simu, mimi nikiwa nimekaa kitandani pake.

"Mwenyekiti, ishushe ile video. Watu wataumia."

"Shikamoo mzee wangu. Jamani, tusivunjiane heshima mbele ya wanachama. Nitarekebisha baada ya msafara."

"Baada ya msafara utarekebisha nini? Majeneza?"

"Mzee, na wewe! Gari lako lenyewe liko juu ya matofali. Tuachie sisi tulio barabarani."

Akakata. Dakika chache baadaye simu ya mjomba ikaonyesha kuwa ameondolewa kundini. Nilihisi kama nimekanyaga kitu kilichooza pekupeku. Kutojua si dhambi, sote hatujui mengi. Lakini mtu anayejua kwamba amekosea, na bado anaona uso wake una thamani kuliko shingo za wenzake, sijui tumwite nani.

Mjomba aliinama, akafungua kopo, akatoa kipira kimoja kati ya vile vitatu na kukidumbukiza kwenye chupa ya jemu yenye petroli.

"Mjomba! Si ndivyo hivyo vya gari lako?"

"Vingine vyote humu vimekauka vikapasuka. Watu hawaamini mdomo, mpwa wangu. Wanaamini macho."

Jumapili nilimpeleka kilimani na magongo yake. Magari ishirini na sita yalikuwa yamepangwa, yanameta. Hakuna aliyemjua kwa sura. Alipofungua mdomo kumwambia mtu asogee, mwanamke mwenye kofia ya kitambaa akageuka.

"Sauti hiyo! Wewe si Breki?"

"Ndimi, mwalimu. Nami sauti yako naijua."

"Mbona mfupi hivyo? Kwenye simu una mita mbili."

"Nusu nimeiacha hospitali," akajibu, na watu wakacheka wakasogea.

Akaweka vipira viwili juu ya boneti ya mwalimu: kizima, na kile cha kwenye chupa, kimevimba kama mdomo ulioumwa na nyuki. "Nani ameosha kwa petroli?"

Mwokaji mikate, mwenye gari la buluu, akainua mkono. Wakafuata watano. Tukaliinua gurudumu la mwokaji kwa jeki. Akakanyaga pedali, akaachia. Nikalisukuma gurudumu kwa mkono, halikuzunguka.

"Breki imekushika na haikuachii," mjomba akamwambia. "Ukishuka hivyo itapata moto, mafuta yatachemka, na kule chini kwenye kona utakanyaga hewa. Nyuma umempakia nani?"

"Wanangu," akasema mwokaji, akakaa chini majanini.

Hapo mwenyekiti akafika na glavu zake. "Ndugu wanachama, hili ndilo nililokuwa nakuja kuwaambia..."

"Wewe ndiye uliyemtoa huyu mzee kundini?" mwalimu akauliza.

"Ni mfumo tu, mama. Mtandao."

"Mfumo wenu unavaa glavu?"

Walicheka, naye akacheka nao! Magari sita yakabaki, mengine yakashuka salama. Jioni ikatoka picha: mwenyekiti ameinua chupa ya jemu ya mjomba, chini yake maneno "Usalama kwanza." Mioyo mia tatu. Nikatazama majina, nikakuta hata mwokaji ameweka wake. Nikaizima simu nikanawa mikono.

Mwalimu alimbana mwenyekiti mpaka akamrudisha mjomba. Jumatatu nilimkuta ameishika simu mdomoni kama kawaida.

"Unarudi kwenye uozo ule?"

"Aliyenitumia vipira naye yumo humohumo," akasema, na kuendelea kurekodi: "Habari za asubuhi. Natafuta kipira kimoja cha masta. Kimoja tu."

Mtu akauliza mara moja, si ulikuwa navyo vitatu, kimepatwa na nini?

"Kilivimba," mjomba akajibu, akaweka simu chini, akaomba chai.