Anayejaribu Sensa za Kreni kwenye Mashine ya Kusaga

Saa mbili asubuhi, Buzuruga. Wilhelmina Masele amepiga magoti kando ya mashine ya kusaga mahindi, na anatangaza kwamba Mwanza nzima hakuna kifaa cha kreni kinachoweza kumdanganya.

"Waliofanikiwa ni wawili tu," anajirekebisha, akifuta unga puani. "Mume wangu, na ile sensa ya kreni ya mwaka jana."

Ana miaka hamsini na saba, ni fundi umeme wa mitambo katika yadi ya kupakia mawe kando ya ziwa. Shule aliishia darasa la saba. Umeme ameusomea juu ya kreni. Wiki hii anachagua sensa, kifaa kidogo kama kopo la rangi ya viatu, kinachomwonyesha dereva mkono wa kreni umeinuka kiasi gani. Kikidanganya, dereva anaulaza mkono na mzigo wake bila kujua, na kreni inayumba kama mtu aliyetoka kilabuni.

Aprili mwaka jana kilidanganya. Jua lilichoma tangu asubuhi, kisha mvua ikashuka ghafla. Kasha la sensa lenye moto likipoa hivyo hunyonya maji ndani, hata kwenye ufa usiouona. Dereva akasoma kwamba mkono uko juu, kumbe umelala. Kreni ikainama, jiwe likamwangukia mfunga mizigo, Antoni Chenge. Alikatwa mguu juu ya goti.

Sasa kazi hiyo hiyo amepewa mkewe, Hellen. Wana watoto watatu na chumba cha kupanga Kiseke, na kipato kingine hakuna. Lakini Antoni amemkataza mkewe kukanyaga pale mpaka fundi mwenyewe aje aseme kwamba sensa mpya ni salama.

Za kuchagua ni mbili. Moja ni ya shilingi elfu themanini na tano, ndani ina vipande vinavyosuguana. Nyingine, laki nne na thelathini, inafanya kazi kwa sumaku: hakuna kinachogusana, na pale waya unapoingilia pamezibwa kwa gundi ngumu. Wilhelmina alizianika juu ya bati mpaka saa tisa alasiri, akazitosa kwenye ndoo ya maji baridi. Kisha akazifunga kwenye mguu wa mashine ya kusaga, zitikiswe siku mbili.

"Shikamoo bibi," anasema Queen, mteja mwenye ndoo ya mahindi. "Hirizi hizo ni za kuvuta wateja?"

"Marahaba. Ni za kufukuza wambea."

Anazifungua, anaziunga kwenye mita. Ya bei rahisi anaizungusha taratibu. Sindano inapanda, inaruka, inarudi sifuri. Ya sumaku inapanda bila kushtuka.

"Meneja atalalamikia bei," anasema. "Anunue hiyo ya rahisi, halafu asimame chini yake yeye."

Mwakani anastaafu. Kabla ya hapo, anasema, anataka kumwona Hellen akirudi nyumbani kila jioni kwa miguu miwili.

Saa sita yuko Kiseke, sensa ya sumaku mkononi. Antoni ameketi mlangoni, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Hellen ameshavaa buti za kazi. Zilikuwa za mumewe, amezijazia vitambaa.

"Shikamoo mama," anasema Antoni.

"Marahaba, mwanangu. Hii imepita. Maji, mtikisiko, kila kitu."

"Na ile iliyoniangusha?"

"Ile nayo niliijaribu hivi hivi," anajibu upesi. "Siku mbili kwenye mashine. Ikapita. Ni mipango ya Mungu tu."



"Mama, ile niliipokea mimi, stendi ya basi. Saa tatu asubuhi. Saa tano siku hiyo hiyo nilikuwa nakushikia ngazi, unaifunga juu. Hizo siku mbili zilipita saa ngapi?"

Wilhelmina anairudisha sensa mfukoni.

Hellen anakaa kizingitini, anaanza kulegeza kamba za buti.