Mikono Iliyoganda

Mtaani walimwita Mama Vidole, kwa kuwa riziki yake ilitoka mikononi. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Mama yake mzazi alikuwa kiziwi, kwa hiyo aliongea kwa mikono kabla hajajua kuongea kwa mdomo. Hospitali ilipoanza kutumia wakalimani kwa njia ya video, alikigeuza chumba cha wageni kuwa ofisi: ukuta akaupaka rangi ya bluu, taa akazielekeza usoni, akatenga fulana nyeusi ya kazi ili mikono ionekane vizuri.

Mtandao aliuziwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, wakala wa kampuni ya intaneti, mtu mwenye mdomo wa asali.

"Shemeji, hii kitu ni moto wa kuotea mbali," alimwambia siku ya kufunga ruta. Akapima kasi kwenye simu yake, mshale ukapanda, namba kubwa ikatokea katikati ya kioo. "Umeona? Hapo hata hospitali nzima unaibeba."

Basi kila asubuhi Mama Vidole alipima, akaitazama namba ile kubwa, akaridhika.

Siku moja aliunganishwa na wodi ya wazazi. Mwanamke kiziwi alikuwa amejifungua kwa shida, na daktari alitaka kujua kama afungwe kizazi. Kwenye kioo cha Mama Vidole picha ilikuwa safi, hata jasho la yule mama alikuwa akiliona. Akamweleza taratibu: unaweza kukubali, unaweza pia kukataa, hakuna anayekulazimisha. Mwanamke alikunja uso, akasubiri, kisha akaitikia kwa kichwa na kupokea kalamu ya kutia sahihi.

"Ngoja kwanza, daktari! Namuuliza kama ameelewa!" Mama Vidole alipaza sauti.

"Ah, mtandao wenu huu nao," nesi alisema kwa kuchoka. "Basi, tumeshamaliza." Akakata.

Baadaye msimamizi wake alimpigia simu. "Kuna mgonjwa analalamika. Anasema wewe ndiye uliyemwambia akubali."

"Mimi? Mimi nimwamulie mtu mambo ya uzazi wake?"

Hasira zilipopoa kidogo, alimpigia kwa video mkalimani mwenzake. "Hebu niangalie. Naonekanaje?"

"Umeganda, dada. Mdomo wazi, mkono juu, kama picha ya ukutani."

Alizima simu za watoto na televisheni, akachomeka waya kutoka kwenye ruta moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, akapima upya. Safari hii alisoma na namba ndogo ya chini, ambayo hakuwahi kuijali: kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma picha yake kwa wengine. Haikufika hata megabiti moja. Picha za wenzake zilimfikia nzima. Zake zilikuwa zikifia njiani.

Shemeji alipoitwa, alikuja na tabasamu lake.

"Ulijua?" Mama Vidole alimuuliza.

"Shemeji, wateja huuliza ya kushusha tu. Wanataka mpira na sinema."

"Mimi nilikwambia kazi yangu ni kuonekana!"

Akajikuna kisogo. "Waya wa mtaa huu ni ule wa simu, wa zamani. Faiba, ule waya mpya wa kasi, iliishia kule kituo cha mafuta."

Mama Vidole akaenda ofisini kwao. Msichana wa mapokezi akamgeuzia kompyuta: kwenye ramani mtaa wake ulikuwa umepakwa kijani kibichi. "Una faiba, mama. Ramani ndivyo inavyosema." Akavuka barabara kwenda kampuni ya pili. Nao wakafungua ramani ileile, wakatikisa vichwa: mtaa ulioandikwa kuwa umefikiwa, wao hawapeleki nguzo. Intaneti ya mnara wa simu aliijaribu. Ilipanda na kushuka kama homa. Ya dishi la setilaiti ilikuwa ya wenye nacho.

Kazi akaipoteza. Mumewe alimsihi asivunje undugu kwa sababu ya waya, na Jumapili shemeji akaja kula kama kawaida.

Mama Vidole aliomba hospitalini anwani ya yule mwanamke, akaenda. Alimkuta mlangoni, mtoto mgongoni.

"Mbona uliniambia nikubali?" mwanamke aliuliza kwa mikono.

"Sikukwambia. Nilikuwa sijamaliza. Picha ilisimama."

Mwanamke akaonyesha ile alama ya kukubali, akaishikilia hewani bila kuitikisa. "Ulikaa hivi. Nilisubiri useme lingine. Hukusema. Wote walikuwa wananitazama."

Mama Vidole aliinua mikono ajibu. Vidole vilikataa.

Mwanamke akaingia ndani, akafunga mlango. Mama Vidole akabaki barazani. Hata angegonga, aliyekuwa ndani asingesikia.