Baba Alivyolilia Katuni

Kanisani kwetu Genkuru walitundika shuka jeupe ukutani, wakatuonyesha katuni ya mwana mpotevu. Wanangu walicheka nguruwe walipomsukuma yule kijana matopeni. Baba yangu, aliyekaa nao benchi la mbele, alilia mzee wa kwenye katuni alipomkimbilia mwanawe na kumkumbatia.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ametoroka nyumbani kukwepa kukeketwa, na baba alikuwa amemkataza kurudi. Nikaona huo ndio wakati wa kumwombea msamaha.

"Baba, na binti yako je? Naye arudi?"

Akajifuta machozi. "Ile ni katuni," akasema.

Tulipomzika baba, mdogo wangu hakuja. Kwenye simu aliniuliza kama mzee aliwahi kumtaja. Nikamwambia hapana.